Kesho ya Fundi Amsi

Mama Neema wangu mpendwa,

Naanza kwa kucheka, unisamehe. Nimekumbuka gauni la kipaimara la Neema, tulivyotoka Nambis kwa miguu hadi sokoni Mbulu mara tatu, na mara zote fundi Amsi akatuambia kesho. Mimi nikasema, "Sisi ni Wakristo, tumwachie Mungu." Ukasimama katikati ya njia, ukanitazama.

"Mungu hashoni, Baba Neema. Wewe unamwogopa fundi, halafu unasingizia imani."

Ni kweli nilimwogopa. Nilidhani Mkristo ana njia mbili tu, kunyamaza au kugombana, na kugombana ni dhambi. Basi mara ya nne ukabeba ungo na maharage. Ukamsalimia vizuri, ukauliza hali ya watoto wake, ukakaa kwenye benchi lake ukaanza kuchambua. Kila mteja aliyekuuliza unasubiri nini, ulimjibu kwa upole, "Gauni. Fundi ameniahidi." Hukumsema vibaya hata kidogo. Alipojaribu tena kusema kesho, ukamwambia, "Kesho ni ya Mungu, mwanangu. Wewe umepewa leo." Saa tisa gauni lilikuwa tayari, nawe ukamwachia maharage yote. Njiani ukaniambia, kumsaidia mtu atimize neno lake nako ni kumpenda.

Sasa sikia ya mwaka huu. Imefika zamu ya Rehema, kitindamimba wetu. Siku hizi magauni ya dukani yamejaa hadi huku kwetu, lakini yeye alikataa katakata. Alitaka la kile kitambaa cheupe ulichomwekea sandukuni kabla hujatuacha. Nikakipeleka kwa Amsi, maana mkono wake ni mzuri, ulimi ndio mbovu.

Alhamisi, ibada ikiwa Jumapili, nikampigia simu. "Baba, niko Katesh msibani." Na nyuma yake nasikia cherehani kinalia. Zamani ningekata simu nikae na hasira wiki nzima. Nikamwambia, "Poleni na msiba. Msalimie huyo anayeshona."

Ijumaa asubuhi nikashusha ungo wako ukutani, nikautia maharage. Ndiyo, mimi, mwanamume mzima, nikaingia nao sokoni. Akina mama wa viazi wakaniona.

"Baba Neema, unaolewa lini?"

"Nikipata gauni," nikawajibu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Amsi alipouona ungo akashika kichwa. "Shikamoo, baba. Huo si wa mama?"

"Marahaba. Ni wake. Nimekuja tukae."

Kitambaa kilikuwa kwenye mfuko vilevile, hakijaguswa hata na mkasi. Mama Neema, hapo moyo uliniuma, karibu nitamke neno la kwenda kutubu. Nikavuta pumzi.

"Kesho asubuhi, baba, kweli kabisa..."

"Amsi, nakupenda, na siondoki. Hii ni zawadi ya mwisho ya mama kwa mtoto wake. Isipovaliwa keshokutwa, haina siku nyingine."

 Akaitoa kwenye cherehani suruali ya mtu aliyekuwa akimshonea, akachukua mkasi. Mimi nikachambua maharage hadi macho yakauma. Jua linaelekea kuzama, akanikabidhi gauni limekunjwa vizuri, akasema, "Nisamehe, baba." Nikamwalika chakula cha Jumapili.

Rehema alipiga magoti madhabahuni amevaa zawadi yako. Nililia kidogo, wakadhani ni mafua.

Nyumbani tukala yale maharage. Amsi kijiko cha pili tu akasimamisha taya, akatoa jiwe mdomoni, akaliweka mezani mbele ya watu wote.

"Baba Neema, hii kazi umeilipua."

"Nitachambua vizuri kesho," nikasema.

Akalisogeza jiwe kwangu polepole. "Kesho ni ya Mungu, baba."

Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikageukia upande wako wa meza, kama ilivyo desturi yangu, nione kama na wewe unacheka.

Pumzika salama mpaka tuonane. Ungo nimeurudisha pale pale ulipouacha.

Mume wako,
Baba Neema