Choo cha Behewa la Mwisho

Baba, mwaka umetimia tangu usinzie kibandani kwako, kiatu cha mtu kikiwa mapajani na sindano ikining'inia kwenye uzi, usiamke tena. Siku ya tatu mwenye kiatu alikuja msibani. Tulidhani amekuja kutupa pole. Akauliza kama kiatu kimekwisha. Mama alimletea kama kilivyokuwa, soli imeachama, akamkabidhi, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Tunaliandika hili gazetini kwa sababu bado linatuchefua, na kwa sababu wewe ungelicheka mpaka ukashika mbavu.

Ulikuwa fundi viatu mwenye huruma ya ajabu. Mtoto yeyote aliyepita mbele ya kibanda na kiatu kilichopasuka hakupita bila kuitwa. "Wewe, hicho kidole kinachungulia nini? Njoo hapa." Ukamshonea akiwa amesimama mguu mmoja kama korongo, ukamwambia awasalimu nyumbani. Wakubwa ndio uliowasubirisha, hasa wale waliokuja na kelele. Mikono yako ilinuka gundi mpaka mezani, na Mama alikuwa akikupa kijiko hata kwa chakula ambacho sisi tulikula kwa mkono.

Jumamosi hukuwa wetu. Jumamosi ulikuwa wa treni. Ulitoka asubuhi na mapema na mfuko wako begani, ukapanda daraja la tatu, behewa la mwisho, ukaenda mpaka stesheni ya makutano. Kule hukuwa na ndugu wala biashara. Ulisimama tu ukatazama kichwa cha treni kikifunguliwa, kikizunguka taratibu kwenye njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili, ukapanda tena behewa lako, ukarudi. Tulipokuwa wadogo ulituonyesha jambo lile kwa vikombe vya chai juu ya meza, na mlio wa honi ukautoa mwenyewe. Tulidhani kila baba ana mambo kama hayo.

Mama hakuwahi kwenda nawe. Mama ni dobi wa hospitali. Kutwa nzima anafua mashuka ya wagonjwa, na akirudi hataki kuona hata alama ya kidole kwenye glasi. Treni aliipanda mara moja tu, kabla hamjaoana, akafungua mlango wa choo, akaufunga, akala kiapo: hatapanda tena mpaka siku choo cha treni kitakapotakata. Nawe ulikijua kiapo hicho kama unavyojua jina lako.

Ndiyo maana kila Jumamosi jioni tulikuwa na sinema ya bure uani. Nguo za treni zilikuwa haziingii ndani. Ulivuliwa nyuma ya jiko, ukafungwa taulo, Mama akasimama mbali na kukumwagia maji kwa kopo huku amejiziba pua kwa mkono wa pili.

"Unanuka, mume wangu. Unanuka kama umelala jalalani."

"Choo cha lile behewa kimekuwa safi siku hizi, mama watoto," ulimjibu, povu likikuingia mdomoni. "Wallahi. Njoo Jumamosi ujionee."

"Kamdanganye mwingine."

"Kinameta!"

"Geuka huko nikumwagie mgongo."

Sisi tulicheka mlangoni. Mama hakucheka. Tumekuja kujua baadaye kwamba yale maneno yalimkaa moyoni. Alikuwa na nyumba inayong'aa, mashuka yenye harufu ya jua, na mume anayeyaacha yote hayo kila wiki akakae kwenye uvundo kwa hiari yake. Halafu anamwambia uvundo huo ni safi. Mama aliona ni dharau.

Na mambo ya ajabu hayakuisha nyumbani. Sabuni ya unga ilikuwa ikipungua kama inayeyuka. Brashi zilipotea. Dawa ya kuulia wadudu ilinunuliwa leo, keshokutwa chupa nyepesi. Mama aliwalaumu panya, maana panya wanakula sabuni, hilo halina ubishi. Wewe ulimwunga mkono kwa moyo wote. Ulitega hata mtego, Baba, ukaupaka mafuta ya samli, ukainama na tochi chini ya kabati kumtafuta panya, macho makavu!

Mwaka ulipokaribia kutimia, tulikaa sebuleni kuulizana tuadhimishe vipi. Kaka yetu akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole, labda twende safari yako ya Jumamosi. Tulimtazama Mama tukijua atakataa.

"Twendeni," akasema. "Nataka nikaone kwa macho yangu. Miaka yote hii mwanaume ananiacha ndani, anakwenda kwenye kile kinyaa. Nataka nijue nilishindwa na nini."

Alikwenda amejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Mtandio puani, nailoni ya kutandika kwenye kiti, glavu za kazini ndani ya mkoba, chupa yake ya maji, na limau la kunusa. Na kinyaa kilikuwepo, Baba, hatuwezi kukuficha. Chini ya viti maganda ya machungwa yalikuwa yamekanyagwa yakawa uji. Mama mmoja alimbadilisha mtoto nepi, akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya kiti cha mbele yake, yaani chetu. Jamaa mwenye saa ya kung'aa alikuwa akikata kucha za miguu, na kila kipande kiliruka kikatafuta mtu wa kumwangukia. Mwingine alitema mate dirishani, upepo ukayarudisha. Mama alinusa limau lake mpaka likanywea.

"Na huku ndiko alikokuwa anakuja kupumzika," akasema.

Kisha akainuka kwenda kuangalia choo. Hakuwa na haja. Alikwenda kuangalia tu. Sisi tulimfuata mpaka nusu ya behewa, halafu harufu ikatusimamisha. Yeye aliendelea, akafungua mlango, akasimama pale kwa muda ambao sisi tusingeweza. Hatutaeleza alichokiona. Gazeti hili linasomwa na watu wakiwa mezani. Tuseme tu kwamba watu wazima, wenye akili zao na nguo za kupiga pasi, walikuwa wameingia mle mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyelenga.

Mama alirudi akaketi kwenye nailoni yake. Tulitegemea aseme "niliwaambia." Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Alikuwa ananidanganya," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpaka anakufa, baba yenu alikuwa ananidanganya usoni."

Hapo ndipo alipofika mhudumu wa behewa, mtu mrefu mwenye kofia iliyopauka, akikagua tiketi. Alimtazama kaka yetu, akaitazama tiketi, akamtazama tena.

"Samahani, kijana. Wewe si mtoto wa Mzee Brashi?"

Tukamwambia baba yetu alikuwa fundi viatu.

"Huyohuyo! Viatu nilivyovaa hivi ni kazi yake. Lakini huku sisi tulimwita Mzee Brashi." Akaketi bila kukaribishwa. "Huyo mzee, treni ikishaondoka tu, anajifungia kwenye hicho choo na ndoo yake na masabuni yake. Watu wanagonga mlango, wanamtukana, yeye yumo anasugua. Anatoka jasho linamtiririka, ananuka huyo, usiombe ukae naye. Lakini choo sasa! Ungeweza kuweka kitanda. Mabehewa mengine yote watu wanahamia hapa kwa ajili ya choo. Tangu aondoke, si mmeona wenyewe."

Mama alishusha mtandio puani.

"Na wewe kazi yako ni nini humu?"

"Mimi tiketi na milango, mama. Wasafishaji walipunguzwa zamani."

"Kwa hiyo mkamwacha mzee wa watu aoshe mavi yenu."

Samahani, Baba, neno hilo tulikubaliana tulitoe, lakini Mama amesema likitolewa naye anatoa picha yako. Mhudumu akainamisha kichwa. Alisema walikukataza, tena si mara moja, ila hukusikia. Ulikuwa ukimwambia kwamba mkeo atakuja Jumamosi, na ana pua, na hawezi kupanda kitu kichafu. Wakakuzoea. Ikawa kila wiki unaposhuka wanakuuliza, "Mzee, shemeji leo kaja?" Nawe unawajibu, "Leo amebanwa na kazi. Wiki ijayo."

Hata mkata kucha aliacha kukata.

"Kwa nini hakuniambia?" Mama akatuuliza. "Si angesema tu, nakisafisha mwenyewe?"

Dada yetu mkubwa, ambaye unajua ulimi wake haujui kona, akamjibu, "Mama, angesema, ungemruhusu aingie ndani ya nyumba?"

Mama alifikiri kwa haki kabisa.

"Nisingemruhusu," akasema. Na hapo akaanza kulia. Alilia waziwazi mbele ya maganda na nepi na watu wasio na haya, akapenga kamasi kwenye ule mtandio wake mzuri, akautupa mkobani.

Alipomaliza kulia alimwomba mhudumu maji. Akaambiwa tangi limekauka mpaka makutano. Basi tukasubiri makutano. Wenzetu walishuka kunyoosha miguu, na sisi tulitazama kidogo kichwa kikizungushwa, Baba, ni kizuri kweli, kinapita pembeni polepole kama kimekasirika. Mama hakukitazama. Alikuwa bombani na ndoo ya mhudumu, amekunja mikono na kuvaa glavu zake, anamtuma mtu sabuni dukani. Kaka yetu alitaka kumsaidia. "Kaa mbali," akaambiwa. "Huku si kwa watu wenye roho nyepesi."

Alianza na maji baridi, kama afanyavyo kazini. Tulimsikia akisugua, tukamsikia akitapika mara moja, akisukutua, akiendelea. Na alikuwa akisema peke yake kwa sauti ya kusikika behewa zima. Uchafu wa mgonjwa anauelewa, alisema, mgonjwa hana nguvu. Huu ni wa watu wazima wenye afya, wanaotembea, wanaopiga kura! Ni ujeuri! Mtu anakwenda haja halafu anamwachia nani? Anadhani ana mama yake humu? Alikutukana na wewe, Baba, hatukufichi. Alikuita mjinga, mwongo, mwizi wa sabuni. Alisema brashi zake nzuri zote umeziua kwa ajili ya mikundu ya watu usiowajua. Alisema mtu mwenye akili angenunua maua. Halafu sauti ikakatika kidogo, na kusugua kukaendelea.

Alipotoka alikuwa amelowa mpaka viwikoni na ananuka, Baba. Mama yetu alinuka. Tulisogea bila kukusudia, naye akaona tulivyosogea. Choo kilikuwa kinameta. Akaingia tena, safari hii kwa haja yake. Mwanamke ambaye hajawahi kujisaidia nje ya nyumba yake isipokuwa kazini, alijifungia kwenye choo cha treni, akamwaga maji, akatoka amenyooka, akafunga mlango.

Halafu hakurudi kwenye kiti. Treni ilipoanza kurudi, alisimama pale mlangoni, mgongo umeuegemea, mikono kifuani. Yule jamaa mwenye saa ya kung'aa ndiye aliyetangulia kwenda.

"Mama, naomba kupita. Kuna mtu humo?"

"Yumo."

Akasubiri, akihamisha uzito mguu huu na huu. "Atachukua muda?"

"Mume wangu huyo," Mama akasema. "Akishika brashi hatoki upesi. Tafuta behewa lingine."

Akaenda. Wakaja wengine, nao wakaambiwa hivyohivyo, njia nzima, mpaka tukafika nyumbani. Hakuna aliyekanyaga mle, Baba. Tulikiacha kama ulivyokuwa ukikiacha.

Wanaokukumbuka ni mkeo, dobi, binti zako wawili na mwanao, wakwe zako, wajukuu, ambao bado wanatoa honi mezani, dada yako uliyemwachia cherehani ya kushonea ngozi, mafundi wenzako wa pale kona, na mhudumu wa behewa la mwisho, aliyeomba awekwe, na Mama baada ya kumfikiria sana akakubali. Nyinyi wengine mnaopanda treni ile, mwageni maji.

Lala salama, Mzee Brashi. Hakuna siku tutakayokusahau.