Shemeji Aliambiwa Atoe Anavyoona, Akaona Milioni Nne

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na nauomba upesi, kwa sababu Jumamosi asubuhi shemeji yangu anakuja na lori kuchukua trekta, na mimi tangu juzi hata wali haupiti kooni. Ni mjane wa miaka sitini na sita, wa hapa Boseong. Mume wangu Cheol-gu alifariki mwaka juzi akaniacha na mashamba ya mpunga ambayo nimeyakodisha, na trekta moja la nguvu za farasi hamsini alilolinunua jipya miaka kumi na mitatu iliyopita, na alilipenda, sisemi uongo, kuliko alivyonipenda mimi, maana kila jioni ya msimu alilifuta matope kabla hajanawa miguu yake.

Sasa binti yetu Eun-byeol amechoka na Seul, anarudi nyumbani alime stroberi, na wilaya itamlipia nusu ya gharama ya banda la nailoni, lakini nusu yetu lazima ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi na tumepungukiwa won milioni kumi, basi nikasema trekta liuzwe, mimi mwenyewe siliendeshi.

Cheol-ho, mdogo wake marehemu, akasikia. Akaja na sanduku la matunda ya peasi, akanywa kahawa, akasema, "Shemeji, nasikia unauza. Si uniuzie mimi, libaki nyumbani? Unataka ngapi?" Mshauri, bei nilikuwa nayo, nilikuwa nimeiandika nyuma ya kalenda, lakini mtu mzima utamtajiaje ndugu bei usoni? Nikasema tulivyozoea kusema hapa: "Nipe unavyoona mwenyewe." Akasema, "Haya shemeji, nitaona." Kesho yake akaleta bahasha, nami sikuifungua, kwa sababu kuhesabu pesa mbele ya aliyekupa ni aibu, nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, tena nikamfungia na kimchi ya kabichi niliyoichachusha mwenyewe. Alipoondoka nikafungua. Milioni nne! Pale mjini dalali anataka milioni kumi na tatu kwa trekta kama hilo, tena lililochoka zaidi.

Na kuna jingine, nalisema kwa sababu hunioni uso. Kabla ya Cheol-ho alikuja mnunuzi kutoka Suncheon, nami kwa kutaka trekta lipendeze nilikuwa nimenunua rangi nyekundu nikalipaka mwenyewe, boneti, rimu, hata mabomba ya injini. Yule bwana akalizunguka mara mbili akaniuliza, "Mama, unaficha nini?" akaenda zake. Ndipo nikaanza kudhani labda milioni nne ndiyo haki yangu. Nikirudisha bahasha nitaonekana mjane mwenye tamaa, nisiporudisha binti yangu atafika akute uwanja mtupu, banda hakuna. Nifanyeje?

Pyo Gap-sun, Boseong

*

Mama Gap-sun, pole kwa msiba na pole kwa wali usiopita. Pole zimeisha, sasa nikugombeze.

Nimeuza mashine za shamba miaka ishirini na saba kabla ya kukalia kiti hiki, na "nipe unavyoona" nimeisikia mara nyingi kuliko mlio wa injini. Hayo ni maneno ya kumuuzia jirani kabichi mbili. Ulimwambia shemeji yako aone, naye akaona mfuko wake. Simtetei, zile peasi hazikuja bure, lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kutolipa bei ambayo umeificha nyuma ya kalenda.

Rangi nayo, mama yangu! Mnunuzi anataka kuona kama oili inavuja, wewe umempakia vipodozi mahali pa kuvujia. Chukua kitambaa na tina ya kuyeyushia rangi, futa rangi kwenye mabomba, kwenye nati na maungio yote. Boneti liache, na kila anayekuja mwambie mwenyewe kwamba ulilipaka wewe. Tia grisi, nunua betri mpya, maana ya zamani imekaa miaka miwili. Usiwashe injini kabla mnunuzi hajafika, mwache aisikie ikiwaka ingali baridi. Piga picha ya mita inayoonyesha saa ilizofanya kazi. Halafu fungua droo za Cheol-gu. Mwanamume anayefuta matope kila jioni hatupi risiti za gereji, na risiti hizo zitakuongezea bei kuliko rangi yoyote.

Ile kumi na tatu ya dalali isikulevye. Ndani yake kuna matengenezo yake, dhamana yake na faida yake. Lako, kwa umri huo na kwa matunzo hayo, ni milioni kumi na moja. Kama lina jembe la nyuma la kuvuruga tope, liuze kando, usilitoe nyongeza kama ulivyotoa kimchi. Kwa shemeji punguza laki tano, hiyo ndiyo sehemu ya udugu, na udugu umeshiba.

Usingoje Jumamosi. Nenda kwake kesho, si kwa simu, umrudishie bahasha kwa mikono miwili. Sema: "Shemeji, nilikosea kutokutajia bei. Ni milioni kumi na nusu. Nimekuambia wewe kwanza. Ikifika Ijumaa hujaweza, nitalitangaza." Kisha funga mdomo. Atavuta pumzi, atamtaja kaka yake, atatazama dari. Mwache atazame. Wewe usiseme "lakini," usicheke, usiulize kama peasi zake zilikuwa tamu. Huenda akalipa, maana anajua vizuri alichotaka kupata. Akikataa, una trekta safi na siku za kutosha, na Suncheon kuna wanunuzi wengine.

Kuhusu tamaa: mwenye tamaa hutaka cha mtu. Wewe unataka chako, tena kwa ajili ya mtoto anayerudi nyumbani wakati wenzake wote wanaondoka. Hiyo ni furaha, Mama Gap-sun, na usiiuze kwa milioni nne.

Kwa hiyo leo, kabla ya kula, mpigie Eun-byeol umtajie bei kwa sauti kama vile yeye ndiye Cheol-ho. Mara ya kwanza utatetemeka. Mara ya pili mtacheka wote wawili. Mara ya tatu utakuwa unauza trekta.