Chiriku Amenyamaza, na Aliyemnyamazisha Ni Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo binti yangu wa miaka tisa anahamia kwa mama yake mdogo, na anahama kwa sababu yangu mimi baba yake, wala sina mwingine wa kumsingizia.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na saba huu, nakaa kiti cha abiria chenye breki yake ya ziada na kufundisha watu wazima kurudi kinyumenyume bila kuangusha koni, na kitu kimoja nilichokijua katika kazi hii ni kwamba mtu akigonga koni ya kwanza, ya pili anaiendea polepole, hata awe mbishi kiasi gani. Sasa huyu binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea tangu anapofumbua macho, kwenye hesabu alikuwa hafanyi hivyo. Kila jioni nikitoka kazini nilimketisha mezani, nane kujumlisha saba anaandika kumi na tatu, namwambia umekosea, basi anarukia swali linalofuata kwa kasi ileile na kulikosa vilevile, hata kope haipepesi, nami nikaona hiki si kingine ila kiburi, kwa sababu kusoma anasoma vizuri na hadithi anasimulia mpaka jirani anazima redio amsikilize.

Mwezi uliopita binamu zake walikuja kututembelea, nikawapa wote maswali kumi, wenzake wakapata, yeye akayakosa yote huku akiandika mbiombio, basi hasira zikanipanda, nikachana daftari lake mbele yao na kusema, "Kichwa hiki kimejaa pumba, na pumba zenyewe zina kiburi!" Binamu zake wakacheka. Yeye hakulia, aliokota vipande vya karatasi akampelekea mama yake jikoni, na tangu siku hiyo kwangu ni salamu tu, hakuna la zaidi.

Wiki mbili baadaye ikafika zamu yake kwenye utafiti wa chuo kikuu, mke wangu alikuwa ameshasaini fomu zilizoletwa shuleni kwa watoto wanaosumbuliwa na hesabu, na kwa kuwa mama alikuwa kazini, mtoto nikampeleka mimi. Wakamweka kwanza mbele ya kompyuta, nikakaa nyuma yake. Inatokea picha mbili za vitone, achague yenye vingi, na mshauri, niliona kwa macho yangu akikosea, akatulia, akaitazama inayofuata vizuri kabla ya kubonyeza. Kisha wakaleta tarakimu, na palepale akawa yule wa mezani kwangu, anakosa na kwenda mbio, anakosa na kwenda mbio. Baadaye wakamlaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini. Nilipomwambia nilidhani ni kiburi, ananidharau, dada mtafiti akanieleza kwamba kwa watoto wengi wa aina hii, wakikutana na namba zilizoandikwa, zile sehemu za ubongo zinazoshtukia kosa na kumwambia mtu apunguze mwendo hazichangamki kama za wenzao. "Hayo tunayaona kwa watoto wengi kwa pamoja, baba, picha moja haitoshi kumhukumu mwanao," akasema. "Ila kukudharau, hapana. Usimfikirie hivyo."

Nilifika kwenye gari nikashindwa kuliwasha. Siku tatu baadaye Chiriku mwenyewe akamwambia mama yake anataka kuhama, na mama yake akakubali. Kaka yangu mkubwa anasema, "Mzazi haombi radhi kwa mtoto, utampandisha kichwani." Mke wangu anasema, "Mimi nilishasema umpunguzie ukali, nimechoka kusema." Nimzuie? Nimwambie habari za ubongo, au ataona ana ugonjwa? Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu, mshauri, na sijui nianzie wapi.

Baba Chiriku

MAJIBU

Baba Chiriku, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikukasirikia, mara ya pili nikakuonea huruma, na ninakujibu nikiwa na vyote viwili.

Hebu niambie, mwanafunzi wako wa udereva akiangusha koni, unamtukana mbele ya foleni? Hapana, unakanyaga breki, gari linasimama, mnatazama pamoja mlipokosea. Subira unayo basi, ila ulikuwa unaimalizia kazini. Kwamba hukujua, hilo sikulaumu. Wazazi wengi, na walimu pia, wakiona mtoto anakosea haraka haraka humdhani jeuri. Lakini daftari ulilichana wewe, si ubongo wa mtu.

Kaka yako mwache na maoni yake. Ijumaa waite wale binamu, kwa sababu waliocheka ndio wanaotakiwa kusikia. Mwambie binti yako mbele yao, "Nilichana daftari lako na kukutukana. Nilikosea mimi, wewe hukuwa na kiburi." Ishie hapo. Neno "lakini" likikufika mdomoni, limeze.

Habari za ubongo mwambie, tena mkiwa wawili tu, kwa maneno mepesi: si mgonjwa, si mjinga, ila namba zilizoandikwa zinamponyoka bila kumshtua, na jambo hilo linafundishika. Picha hizo usizitembeze kwa ndugu. Mtafute yule mtafiti na mwalimu wa darasa wakuelekeze kwa mtu anayejua kufundisha watoto wa aina hii. Nyumbani, kwako au kwa mama yake mdogo, aanze na vitu vya kushika, vifuniko vya chupa vinatosha, tarakimu ziandikwe pembeni yake. Kila jibu likiandikwa, penseli iwekwe chini, yeye na anayemfundisha wahesabu tena pamoja, ndipo swali linalofuata. Matano kwa siku yanatosha. Na kwa mwezi wa kwanza anayeketi naye asiwe wewe. Najua itakuuma. Wacha ikuume.

Sasa Jumamosi. Usimzuie, baba. Mtoto wa miaka tisa anayeomba kuhama kwao amefikiria sana, na radhi yako isiwe bei ya kumfanya abaki. Akibadili nia mwenyewe, mkumbatie ushukuru. Akienda, mbebee begi mpaka ndani kwa mama yake mdogo, umwambie kitanda chake kipo, uondoke bila kumwekea sura ya huzuni aibebe. Jumapili mpigie simu umuulize aliota nini. Akikujibu neno moja tu, lipokee kwa furaha, na Jumatatu upige tena.