Salamu Katikati ya Barabara

Isiolo, Jumanne, 1979

Bado sielewi nilifikaje ng'ambo. Mimi mwalimu, ninayewaambia watoto kila siku waangalie kulia na kushoto, leo nimevuka barabara kuu kama ng'ombe aliyeona maji, kwa sababu tu rafiki yangu Galgalo aliniita kutoka upande wa pili.

"Salaam aleikum, mwalimu! Watoto wazima?"

Nikawa najibu huku natembea. Lori likafunga breki, bampa ikanigusa koti. Dereva akachungulia: "Mzee, unataka kuniletea kesi?"

Je, niliangalia? Sikumbuki kabisa. Na kesho nitawaambia nini wale watoto?

Galgalo, ndani ya vumbi, akaendelea na salamu: "Na mbuzi?"

"Wazima," nikajibu.

Mimi sina mbuzi hata mmoja.