Mama Alipimwa Jioni

Kakamega, 20 Aprili 1965

Kaka yangu Hezekiah,

Mahindi yameota na ng'ombe amezaa. Wiki hii daktari anatupima presha ya macho, ile ikizidi hupofusha, sisi tusio na ugonjwa huo, tangu alfajiri mpaka jioni. Yangu ilipanda asubuhi, jioni ikashuka. Anasema hata macho mazima ndivyo yalivyo, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Nikamkumbuka Mama. Mwaka juzi alipimwa mara moja tu, jioni, kwa kuwa asubuhi hakukubali kuacha jembe. Tukaambiwa yu mzima, tukachinja kuku.

Picha yako imefika huku. Mama aliishika juu chini, akaitazama sana, akasema umenenepa.

Sikumgeuzia.

Dadako,
Ayuma