Nyaya Ulizonitilia Garini, Kaka Hemedi

Kaka yangu Hemedi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ingawa najua jibu halitanifika mimi.

Asubuhi hii nilifungua boneti kutia maji, nikaona kazi ya mikono yako bado imo mle: nyaya ulizozitoa kwenye redio mbovu, umezifunga utepe mweusi, zimepita kando ya injini hadi chini ya usukani.

Unakumbuka siku ulipoileta gari ile hapa kwangu Madungu? Kuukuu, ya dizeli, turbo yake, ile inayosukuma upepo ndani ya injini, inapuliza kama paka mwenye hasira. Baba alikuwa keshafariki, Mama yuko peke yake Pujini, nami mguu wangu wa kulia umenyauka tangu utotoni. Ukasema, "Zuwena, utakwenda mwenyewe kumwona Mama. Hutamngoja mtu."

Nikadhani wanidhihaki. Wewe fundi redio, nikakwambia, na gari wapi na wapi?

Ukachukua mota ya waipa za kioo, ukaifunga ivute waya wa mafuta badala ya mguu. Karibu na usukani ukatia kirungu cha redio. "Zungusha taratibu, kama unayetafuta stesheni." Gari haikuwa na klachi, kwa hiyo breki nikaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mara ya kwanza turbo ilichelewa, kisha ikaamka ghafla, tukajikuta ndani ya shamba la muhogo la watu. Tulicheka mpaka machozi. Ndipo ukaunda kijisanduku cha kupima upepo wa turbo. Upepo ukizidi, mota inapunguza mafuta yenyewe. Tangu hapo gari ikanitii, na Mama akazoea kunisikia kabla hajaniona.

Kisha ukaja uchaguzi ule. Ndugu hawasalimiani, mtu hamziki jirani yake kwa ajili ya chama. Askari walipokuja kupekua nyumba, mmoja alifungua gari akaziona nyaya.

"Redio ya nani hii? Mnazungumza na nani?"

"Si redio, afande. Huo ni mguu wa dada yangu."

Wakacheka. Wakazikata mbele ya macho yangu, wakakuchukua.

Uliporudi hukusema walilokufanya, nami sikukuuliza. Mikono ilikutetemeka, na kila ukikohoa ulikificha kitambaa ulichojizibia mdomo, nisione damu. Lakini ulitaka gari kwanza. Hukuweza kushika chuma cha kuunganishia nyaya, nikakishika mimi, wewe umekaa juu ya kigoda unanielekeza: "Nyekundu kwa nyekundu, mdogo wangu. Usifanye haraka." Injini ilipoitika, uligeuza uso nisikuone.

Safari ya kwanza ya gari baada ya pale ilikuwa ya kukupeleka wewe hospitali. Njia nzima ulikuwa ukiisikiliza injini. Tulipofika ukasema, "Umeendesha vizuri." Sikukusikia tena ukisema neno.

Sasa wakubwa wa vyama wamepeana mikono, na sisi tumepeana. Anayenisalimu namwitikia, msiba wa upande wowote nahudhuria. Watu husema yaliyopita si ndwele. Yangu mie hayajapita, kaka. Hasira imepungua. Kilichobaki ni upweke, wa kusikia mlio mgeni kwenye injini na kukosa wa kumuuliza.

Na Mama kumbukumbu zinamtoka. Jana nilipofika alitazama nyuma yangu, akaniuliza, "Hemedi yuwapi?" Mwanzo nilikuwa nikimwambia ukweli, naye akilia upya, kama ndiyo kwanza anapata habari. Siku hizi namwambia uko kazini, utachelewa. Anatua moyo. Anakupakulia chakula, anakifunika kawa, anakwenda kulala.

Mie nakaa pale jikoni, nakila chote, ili akiamka akute sahani tupu.

Mola akulaze penye nuru.

Mdogo wako,
Zuwena