Mshtakiwa Anywe Chai Kwanza

Mpendwa kaka Wafula,

Chai iko hapa mbele yangu, ya maziwa na tangawizi nyingi. Nimeweka vikombe viwili. Odhiambo angeniona angesema Simiyu ameanza kurukwa na akili, lakini Odhiambo yuko Riyadh na mimi niko Jeddah, kwa hivyo leo hakuna wa kunicheka. Nina habari ya binti yako Nekesa, na nimeshindwa kungoja likizo nije nikuambie kaburini. Nitakusimulia kama tulivyozoea, Ijumaa asubuhi, kila neno kwa zamu yake. Wewe kunywa.

Unakikumbuka kile chumba chetu cha Dira, huko Riyadh, juu ya duka la mikoba? Wakati huo tulikuwa wageni bado, ule mwaka vijana wa kwetu walipoanza kumiminika huku na kila wakala anaapa kwamba kazi ni kukaa tu kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi gani, bana! Wewe ulilinda maghala, mimi nikaendesha gari la watoto wa bosi. Ijumaa ulitoka kazini macho mekundu kama pilipili, na bado ukawa wa kwanza kufunga kamba za viatu vya mpira. Goti lako la kushoto lilikuwa linalia kama mlango, tukakwambia upumzike, ukatujibu, "Hili goti lina deni langu." Tukacheka bila kujua deni lenyewe.

Halafu ikaja kesi ya Odhiambo. Kipa wetu huyo alikosa mechi moja, akakosa nyingine, akakosa tena, na zote tukafungwa, ingawa kusema kweli hata akiwepo tulikuwa tunafungwa mabao ya aibu. Vijana wakapandwa na hasira. "Atoke! Halas, basi! Tutafute kipa mwenye mikono!" Wewe ulikuwa umechuchumaa kwenye jiko, hukugeuka hata kidogo. Ukasema, "Hapa hatoki mtu kabla hajanywa chai."

Tulidhani unatania. Kumbe ulikuwa umeshapanga. Odhiambo akaitwa, akaketishwa kwenye ule mkeka wako wa plastiki, akapewa kikombe kilichojaa pomoni, na ukatukataza kusema neno mpaka akimalize. Wee! Yule mtu alikunywa polepole mpaka nikatamani kumnywea mimi. Na unajua kitu gani kilitokea? Kadiri alivyokuwa akipuliza ile chai, ndivyo hasira ilivyotuishia. Alipoweka kikombe chini, ukamwambia kosa lake machoni pake, ukamwambia achague mtu wa kukaa ubavuni mwake, kisha ukasema wale waliokuwa wakipiga kelele zaidi hawatakuwa waamuzi. Mimi nilikuwa mmoja wao, nikanuna.

Odhiambo akasema ukweli wake akiangalia mkeka. Kafili, yule bosi aliyemdhamini, alikuwa amekaa na ikama yake, kibali chake cha kuishi, naye alikuwa anaogopa kusimamishwa barabarani bila karatasi. Aliona aibu kutuambia kwamba amekuwa mtu wa kujificha. Ijumaa iliyofuata tukahamishia mechi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kwake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba yule bwana, akiwa na amani moyoni, anadaka kama paka.

Usiku? Hapana, ilikuwa mchana wa siku hiyohiyo, tukifua jezi, nilipokuuliza ule utaratibu umeutoa wapi. Ulisuuza jezi moja muda mrefu kuliko uchafu wake. Kisha ukaniambia habari za chuo, ambazo mimi nikiwa mtoto nilisikia nusunusu tu. Kwamba ulisomeshwa kwa sababu ya mpira. Kwamba goti lilivunjika ukiichezea timu yao hiyohiyo. Kwamba ulitoka hospitali na magongo yako, ukakuta jina lako halipo na godoro lako liko koridoni, mtu mwingine amelala kwenye kitanda chako. Ukamwuliza karani, "Nani ameamua?" Akakujibu, "Imeamuliwa." Basi. Hakuna aliyekuita, hakuna aliyekuuliza neno.

"Simiyu," uliniambia, "kufukuzwa nilikumeza. Lakini kutoulizwa! Hiyo imenikwama hapa." Ukajigusa koo. Ndipo nikaelewa kwa nini chai.

Bosi wangu alipohamia Jeddah nikahamishwa pamoja na makochi yake, nikapata kitanda Hindawiyah, chumba cha madereva. Utaratibu wako nikaubeba kwenye begi. Watu wa huku waliucheka kama sisi tulivyoucheka, na sasa hakuna anayeondolewa kwenye chumba chetu, wala kwenye chama cha kuzikana, kabla hajanywa. Wapo Watanzania wawili ambao wanautaja kana kwamba walizaliwa nao. Nawaacha tu.

Kisha moyo wako ukasimama, kaka, kule Riyadh, na mimi niko mbali nawe safari nzima ya barabara. Sitarudia siku zile, wewe mwenyewe hukupenda watu wanaokunja uso mbele ya chai. Niseme tu kwamba kuurudisha mwili nyumbani kulichukua muda. Karatasi ya hospitali inangoja ya kafili, ya kafili inangoja ya ubalozi, kila mtu "bukra, inshallah", kesho isiyofika. Kule nyumbani wanauliza, nami nawaambia wiki hii, wiki hii.

Na Nekesa wako, kifungua mimba wako, alikuwa ameacha chuo siku aliyopata habari, akakaa uani na mama yake, akikungoja. Angeondokaje? Ulifika, ukazikwa, akangoja siku ya kunyolewa kama ilivyo kwetu, akanyolewa, ndipo akarudi chuoni na kichwa kinang'aa. Alikuta ameondolewa kwenye timu ya voliboli, na pamoja na timu, ufadhili wake wa michezo umekatwa.

Akanipigia nikiwa kwenye maegesho. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba mdogo, nafungasha. Wamesema nimetoroka mazoezi. Nimeuliza nani amesema, wakaniambia imeamuliwa."

Kaka, nywele zilinisimama. Neno lilelile! Limekungoja miaka yote hiyo, likamrukia mtoto wako. Na nilijua vizuri nini kimo hatarini. Ulichobakiza cha kumsomeshea ni maneno tu, mshahara wako ulizikwa nawe, na wangu unagawanywa mpaka unabaki jina. Bila ule ufadhili Nekesa hangekuwa mwalimu. Angerudi nyumbani kukaa, na godoro lake koridoni kama lako.

"Fungua hilo begi," nikamwambia. "Nguo zirudi kabatini. Umekunywa chai?"

"Baba mdogo, hii si saa ya chai!"

"Ndiyo saa yenyewe."

Nikampa maneno yako, moja baada ya jingine. Aende ofisi ya wanafunzi, kwa heshima, asipandishe sauti. Aombe kuambiwa kosa lake waziwazi. Aombe siku ya kusikilizwa, na nafasi ya kujiandaa. Aombe mtu wa kukaa ubavuni mwake. Na kocha aliyemshtaki aje aseme yake, lakini asiwe yeye wa kukata shauri. Aombe pia kwamba mpaka hapo kitanda chake kisiguswe. Aliniuliza, "Na wakikataa?" Nikasema, "Wakatae wakikuangalia."

Hawakukataa. Kumbe chuo kilikuwa na kamati ya mambo hayohayo, imo kwenye kanuni zao tangu zamani, ila hakuna mwanafunzi aliyewahi kuomba iketi. Mama mwenyekiti alishangaa mpaka akavua miwani. Wakapanga siku, na Nekesa akanichagua mimi niwe ubavuni mwake kwa simu.

Siku hiyo nilikuwa nimeegesha nje ya shule ya watoto wa bosi, jua la Jeddah linachoma mpaka usukani haushikiki. Nikaweka simu kwenye dashibodi. Nikasikia viti vinavutwa kule, watu wanakohoa, kisha mama mwenyekiti akasema tuanze. Nikasema, "Samahani mama. Mtoto amepewa chai?"

Nikadhani simu imekatika.

"Chai?" akauliza.

"Ndiyo mama. Kwetu mtu hajitetei na koo kavu. Ni utaratibu wa marehemu baba yake."

Nikasikia mtu anacheka kidogo, si kwa ubaya. Kisha kiti kikasogea, mlango ukafunguka, na baada ya muda nikasikia kikombe kikigusa meza. Wakangoja, kaka. Watu wazima wenye digrii zao wakangoja msichana mwenye kipara amalize chai! Na wakati huohuo nani anagonga kioo changu? Madam, mke wa bosi. "Yalla, Simiyu, yalla!" Anataka tuondoke. Nikamwonyesha simu, nikamwambia ni kesi ya mtoto wa ndugu yangu aliyekufa. Akaniangalia. Akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango taratibu, akakaa kimya kama yumo kwenye kamati.

Nekesa akaeleza. Siku ya habari, alimwomba nahodha amwambie kocha, na nahodha akasahau. Akaeleza mwili uliocheleweshwa, akaeleza kunyolewa. Kocha naye akapewa zamu, na hapo nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini wewe ulisema mwenye kushtaki naye ana koo. Akasema hakuna aliyemwambia kuna msiba. Alipomwona amerudi na kipara alidhani ni mitindo ya mjini, kiburi cha mchezaji aliyejua kupiga mpira kuliko wenzake. Sauti ikamshuka. "Ningeuliza, ningejua," akasema. Nikamsamehe palepale, ni nani angebaki na kinyongo?

Walitoka nje kushauriana, wakarudi. Ufadhili ukabaki, na tangu sasa hakuna mchezaji atakayekatwa kabla hajaitwa. Kwenye timu atarudi kwa kushindana kama wengine. Ni haki kabisa. Juzi amenitumia picha akiruka mbele ya wavu, nywele zimeota kidogo, meno yote nje. Ameshika namba yake, tena wanamwogopa.

"Halas?" madam akaniuliza kutoka nyuma.

"Halas, madam. Mafi mushkila, hakuna shida tena." Akaona machozi, akanipa kitambaa cha karatasi, akaniambia nisiwashe gari kwanza.

Nina furaha, kaka. Nasema bila kuzunguka. Nimekaa ukingoni mwa kitanda changu, wenzangu wametoka kusaka samaki sokoni, na moyo wangu umetulia kwa namna niliyokuwa nimeisahau. Ijumaa hii Odhiambo na vijana wa Riyadh wanacheza, wamesema mechi haianzi kabla hawajapitisha kikombe chako.

Lakini kuna neno moja nimelibakiza, maana ni lako. Kabla ya kufunga kikao, mama mwenyekiti alimwuliza Nekesa kama ana la kuongeza. Akasema, "Nashukuru kwa kuniuliza. Baba yangu alifukuzwa chuo na hakuulizwa, alikufa bado anangoja." Mama yule akamwuliza, "Angeulizwa, angesema nini?"

Nekesa hakujua. Mimi nami sikujua. Miaka yote ile chumba kimoja, na hata mimi sikukuuliza.

Basi chai yako hii hapa, bado ina mvuke. Kunywa taratibu, hakuna anayekuharakisha. Ukimaliza, sema. Nakusikiliza.

Mdogo wako wa ubavuni,
Simiyu
Hindawiyah, Jeddah